Skrubu Niliyoikaza Pito

Skola,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi kutoka Mpui, kwa hiyo hapa sianzi na habari za uzima. Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwamini kila anayekuita dada, hayo nimekwisha kuyasema mpaka juzi ukanijibu "sawa mama" kabla sijafungua kinywa. Leo sina maagizo. Nina jambo moja tu, nalo nikilisema kwa mdomo utanikatiza, au nitalia, au nitajifanya nasikia mteja anabisha hodi nikakimbilia huko. Najijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ni saa tisa mchana. Nimezima mashine ya kusaga mapema, wenye mahindi nimewaambia warudi kesho kutwa. Mbele yangu ziko zile injini mbili za boti tulizopewa kujaribu. Ile kubwa ya farasi ishirini na tano imelala juu ya magunia, na ile ndogo ya farasi nane nimeifunga kwenye mdomo wa pipa la maji. Mwenye duka anataka ajue kabla ya jioni ni ipi tunamrudishia. Na wewe asubuhi, kabla hujapanda bodaboda kwenda stendi, ulinipiga bega ukasema, "Mama, chagua wewe. Halafu uirekebishe kama ile ya mjomba Kizito." Ukaondoka unacheka.

Kama ile ya mjomba Kizito. Maneno hayo nazunguka nayo tangu saa mbili asubuhi.

Uchaguzi ndio mwepesi, basi niumalize. Ndogo. Najua utanuna, maana kubwa uliipenda tangu dukani, ukaipapasa kama ng'ombe wa mahari. Lakini nimefungua skrubu ya chini nikatoa oili ya gia, imetoka nyeupe kama maziwa. Maji yameshaingia humo, na aliyeiuza amepaka rangi mpya ili tusiulize. Hata ingekuwa nzima nisingekupa. Boti yenu wewe na mwenzako wa biashara Zaituni ni nyembamba nyuma, imeundwa kwa ajili ya tanga, si kubebeshwa chuma chenye uzito wa mtu mzima. Wimbi likija kwa nyuma ingeinama kunywa maji. Hii ndogo ninyi wawili mnaibeba bila kumwita mwanaume. Nimevuta kamba mara kumi na mbili leo, na mara kumi imewaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili. Tundu lake la maji ya kupoza linakojoa vizuri, mkondo mwembamba lakini haukatiki, na siku ukikatika zima papo hapo. Mguu wake mrefu, kwa hiyo boti ikiinuliwa nyuma propela haitapiga hewa. Na ile pini ndogo ya propela, inayokubali kukatika ukigonga jiwe ili gia zipone, Kasanga huko huko ziwani inapatikana. Injini nzuri ambayo vipuri vyake mpaka viagizwe Dar es Salaam ni pambo la sebuleni.

Hayo ndiyo uliyoyataka kwangu. Sasa yale usiyoyataka.

Injini ya mjomba wako Kizito niliirekebisha mimi, hapa Pito, kwenye pipa kama hili, na marekebisho yangu ndiyo yaliyomuua. Si petroli ya Mzee Ramadhani, kama mnavyoamini wote. Petroli ya yule mzee ilikuwa safi. Nimelijua hilo tangu hujaanza darasa la kwanza, na nimekaa kimya.

Soma tena ukitaka. Mimi mistari hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine nikachana.

Kizito alikuwa kitinda mimba. Bibi yako alimpata wakati mimi nilishaanza kujitwisha ndoo kubwa, nikambeba mgongoni mpaka wageni waliofika Mpui wakadhani ni wangu. Jembe hakulipenda. Akiambiwa apalilie ulezi anapalilia mstari mmoja, ukirudi unamkuta amekaa kwenye tuta anachonga kimtumbwi. Alipofika miaka ishirini akashuka ziwani, akapanga chumba kijiji kile kile cha akina Zaituni, na haikupita miaka mingi akawa na boti ndogo ya tanga. Anashusha maharage na unga kutoka huku kwetu, anapandisha samaki, migebuka mikavu. Upepo ukikata anakaa katikati ya maji, abiria wake wanaimba nyimbo za kanisani mpaka zinawaishia. Ndipo akaja kwangu. "Dada, nitafutie injini. Wewe ndiye unayezijua."

Nilizijua kweli. Mashine hii ya kusaga tuliinunua mimi na baba yako, yeye mwalimu asiyejua spana ni mnyama gani. Ilipokufa mara ya kwanza fundi alikuja siku ya nne, mara ya pili hakuja kabisa, nikaifungua mwenyewe juu ya mkeka nikiwa na wewe tumboni. Ikawaka. Tangu hapo wakaniita Mama Mashine, na jina lile, Skola, nililipenda kuliko la ubatizo. Wanaume walikuwa wanasukuma pikipiki zao kutoka mjini, wanasimama pale mlangoni kwa aibu, nami nawaacha wasimame kidogo kabla sijainua uso. Ni tamu kuwa wewe ndiye unayeulizwa na kila mtu. Ila ukishakuwa huyo, unaona haya kumuuliza mwingine.

Nikamchagulia Kizito injini kubwa, kwa tamaa ile ile uliyonayo. Tukaifunga kwenye pipa siku ya Jumamosi, wateja wamejaa na madebe yao. Ikawaka kwa moshi mweusi, inakohoa. Sababu niliijua bila kufikiri, maana magari yanayopanda kutoka bondeni yakifika huku yote hukohoa hivyo. Hewa yetu huku juu ni nyepesi, petroli inaizidi. Nikachukua bisibisi nikakaza skrubu ya petroli kwenye kabureta, nusu mzunguko, kisha robo. Moshi ukakatika, injini ikaanza kuimba. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, na Kizito akaninyanyua juu juu kama gunia la pumba. Jioni tulikaa na majirani kuzunguka chungu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, na kila aliyekuwa anavuta alikuwa ananisifu.

Unajua nilikosea wapi? Sikufikiria safari ya kushuka. Kila fundi wa Ufipa anajua injini ikipanda itakohoa. Nani kati yetu aliwahi kujiuliza ile uliyoinyima petroli huku juu itakuwaje ikifika chini kwenye hewa nzito? Sisi injini zetu hazishuki, zinazeeka hapa hapa na mahindi. Na injini ya namna ile oili yake imechanganywa ndani ya petroli, kwa hiyo ukiipunguzia petroli umeipunguzia na oili. Kule ziwani ikavuta hewa nyingi, petroli kidogo, oili kidogo, na mzigo wa magunia juu yake. Kwenye pipa haikuwa na mzigo wowote. Ilikuwa inakoroga maji tu kama mtu anayekoroga uji. Pipa linamdanganya fundi, na fundi mwenye sifa hulisaidia limdanganye.

Hapo bado ningeweza kusema ni bahati mbaya, fundi yeyote angekosea. Lakini kuna la pili, na hilo ndilo linaloniamsha.

Asubuhi ya kuondoka, injini imeshapakiwa kwenye gari, Kizito aliniuliza, "Dada, na tanga je?"

"Tanga la nini tena?"

"Si huwezi jua. Labda nilikunje niliweke chini ya mbao."

Nikacheka, Skola. Nilimcheka. "Ukibeba mlingoti na tanga umepoteza nafasi ya magunia mawili. Mimi nimekupa injini, wewe unaniuliza habari ya nguo! Achana nalo bwana."

Akaona haya. Mtu mzima yule, mwenye miaka yake ishirini na sita, akakuna kichwa kama nilivyokuwa namgombeza utotoni. Akasema, "Basi dada, wewe ndiye fundi." Akapanda gari.

Alisafiri na injini ile siku tano tu. Siku ya sita alikuwa na abiria mmoja, mama muuza vitunguu, na upepo wa kusini ulikuwa umeshaanza kukaza. Yule mama alikuja matangani Mpui, akakaa kwenye mkeka mbele ya bibi yako akasimulia, nami nikiwa nyuma yake nimeshika mlango. Alisema injini ilikuwa inalia vizuri, halafu ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, halafu ikagonga mara moja ndani ikanyamaza. Kizito akavuta kamba. Kamba haikuvutika, imekaza kama imefungwa kwenye mti. Akavuta mpaka kiganja kikachanika. Upepo ukawa unawasukuma kwenye mawe, na ndani ya boti kulikuwa na kasia moja. Akamfunga yule mama kwenye dumu tupu kwa ile kamba ya mizigo, akamwambia, "Shika hapa mama, hata ukichoka usiachie." Yeye akabaki anapiga kasia, anajaribu kuigeuza boti. Mama yule alitupwa ufukweni akiwa hai. Kizito walimpata siku ya pili. Tanga lingewapitisha pembeni mwa mawe yale. Hata kipande cha tanga.

Wanaume waliokuwa wanaota moto nje wakaanza kuulizana injini ilikuwaje. Wakanigeukia mimi, si ndiye Mama Mashine? Nami nikasema, "Injini ilikuwa nzima, wengine mliisikia kwa masikio yenu. Labda mafuta." Wakati ule sikujua bado, Mungu ndiye shahidi wangu. Niliogopa tu, na ulimi wa mwoga una mbio. Lile "labda" halikumaliza hata siku mbili. Likawa "mafuta", na matanga yalipoanuliwa likawa jina la mtu, maana kijiji kile kizima muuza petroli alikuwa mmoja. Lisemwalo lipo, wakasema. Hilo mimi nilijua limetokea wapi.

Vijana walishuka wakapindua mapipa yake majini. Hakuna aliyenunua kwake tena. Alipopanda kuja kutupa pole na sukari yake mkononi, wajomba zangu walimrudisha njiani.

Boti ilikuwa imevunjika lakini injini ilibaki imeng'ang'ania ubao wa nyuma, wakatuletea. Baada ya siku arobaini nikajifungia nayo. Nilitoa plagi kwanza. Injini iliyolishwa mafuta machafu plagi yake huwa nyeusi au ina kutu ya maji. Hii ilikuwa nyeupe kama chokaa. Nikafungua kichwa, nikakuta pistoni imeyeyuka upande mmoja na imekwaruza silinda kwa ukavu. Hapo nikaangalia kabureta. Skrubu ilikuwa pale pale nilipoiacha, hata alama ya bisibisi yangu ilikuwepo. Nilikaa chini. Nilikaa mpaka baba yako akanikuta.

Nikamwambia yote. Baba yako, unamkumbuka, alikuwa mtu wa haki hata kwa kuku. Akasema, "Ifunge. Mama yako akisikia hili utazika wawili." Simlaumu, alinionea huruma mimi, na yuko mbele ya haki sasa. Lakini nilikubali haraka mno. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie vile.

Mwaka uliofuata Mzee Ramadhani akaja. Huenda unamkumbuka bila kujua ndiye. Alipanda na lori la samaki, akatembea kutoka barabarani na bunda la kitambaa begani, akasimama mlangoni pa mashine. Mtu wa rika la babu yako, na mimi sikumwamkia. Wewe ukatoka ndani na kipande chako cha kiazi ukasema, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakushika kichwa. Halafu akaniambia mimi:

"Mama, nimeleta mali ya marehemu. Tanga lake hili. Aliliacha kwangu nimtunzie. Nilimwambia asiliache, akaniambia dada yake amesema halina kazi. Sikuja kugombana. Petroli yangu ilikuwa safi, na wewe ni mtu wa mashine, nilitaka wewe ujue. Wengine basi."

Nikamjibu, "Nimekusikia, mzee."

Hayo tu. Sikumpa kiti wala maji. Alisubiri kidogo, labda alidhani nina neno jingine, kisha akauliza gari la kurudi linapitia wapi. Nikamwonyesha kwa spana niliyokuwa nimeishika. Alishuka kilima kile taratibu, na mimi nilikuwa na ushahidi wa kumsafisha ndani ya kibanda, umefunikwa gunia, hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama.

Na angalia jambo hili. Alijua ni mimi niliyesema tanga liachwe. Neno lile angeweza kulitembeza kijiji kizima likamwokoa, au lingemwokoa nusu. Hakulisema popote. Nimeuliza kwa chinichini miaka yote hii, hakulisema. Sasa anashona nyavu za watu, nyumba yake ni ile ya mwisho kwenye ncha ya ufukwe.

Nilidhani nitakufa nalo. Halafu wiki iliyopita mlikuja na Zaituni, tukakaa kula, ukawa unampangia mambo ya biashara. Ukasema, "Petroli tutabeba wenyewe kutoka Sumbawanga, madumu manne kila safari. Kwa yule mzee muuaji hata nikifa kiu sitaomba maji." Zaituni akainamisha macho kwenye sahani. Yule ni mtoto wa kule, amelelewa karibu na mlango wa yule mzee, na ni mgeni kwangu, angesema nini? Mimi nikakuongezea mboga. Nilikuongezea mboga, Skola, ndilo jibu nililokuwa nalo.

Nimeyafikiria madumu yale manne. Boti nyembamba, jua la bondeni, petroli inatanuka ndani ya plastiki, Zaituni anachemsha chai ya abiria kwenye jiko la mkaa hatua tatu kutoka hapo. Mnatafuta kuungua. Na mnayabeba kwa sababu ya uongo wangu. Halafu siku injini ikizima mbele ya ncha ile, mtu wa kwanza kuwaona kutoka nchi kavu ni yule uliyeapa humuombi maji. Mwenye kuomba msaada hachagui, lakini nakujua, wewe una kiburi changu. Ungepiga kasia ukampita.

Unaniuliza tangu mwezi uliopita injini ya kuaminika ni ipi. Nikawa nakutajia farasi na majina. Ukweli ni kwamba zote huzima. Ninayoiamini mimi sasa ni ile ambayo ikizima ninajua sababu, na nina kitu kingine mkononi cha kunifikisha. Kwa hiyo tanga lenu lisishuke kwenye boti hata siku moja, hata akija fundi mwenye sifa kuliko mimi akakucheka. Hasa akikucheka.

Hii ndogo kabureta yake sijaigusa. Iko kama ilivyotoka ziwani kwa mwenyewe wa kwanza, ndiyo maana hapa inakohoa na kutoa moshi. Jirani amepita akanitania kwamba uzee umeniingia mikononi, Mama Mashine siku hizi anashindwa na kijiinjini. Nikamwacha acheke. Ile skrubu nimeifunga kwa waya, na waya huo usikatwe mpaka injini iwe ndani ya maji ya ziwa, boti ina mzigo wake, na anayeirekebisha anasikiliza sauti ya kule, si ya huku.

Huko Mpui najua bibi yako sasa hivi anakufungia unga wa ulezi na kukuambia, kama anavyomwambia kila anayeshuka, umpite yule mzee mbali. Usimjibu lolote. Mama yangu ni mzigo wangu, Jumapili nitakwenda nimwambie mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti, na kama ataniambia nisiingie tena kwake nitalala kwa jirani nirudi asubuhi nimwombe tena. Mficha uchi hazai, yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

Limebaki moja, na hili ni lako kuamua. Nimefunga mfuko wangu. Nataka kesho nishuke nawe. Nataka niirekebishe injini yako nikiwa nimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, halafu niende kwa Mzee Ramadhani mchana kweupe, pale wanapoanika dagaa, watu wote wakiwepo, nimwamkie, kisha niseme kwa sauti nilichokifanya. Nisipokwenda kesho nitakwenda siku nyingine, kusema nitasema. Lakini nimeona jambo ambalo sitaki kukuficha. Ukifika kule peke yako, wewe ni mpwa wa marehemu Kizito. Watakupokea kwa huruma, watakupa abiria. Ukifika na mimi, kabla hujashusha hata gunia moja utakuwa binti wa mwanamke aliyemuua ndugu yake kwa sifa na akamvisha mzee wa watu damu ile. Ndivyo watakavyosema, na hawatakosea. Ni biashara yako, ni kijiji utakachoishi, na ni jina utakaloitwa wewe, si mimi.

Naogopa, Skola. Naogopa uso wako utakapoingia jioni ukiwa hujui, na ninaogopa zaidi uso utakaotoka nao asubuhi. Barua hii nitakupa mkononi, halafu nitakuacha. Usiku sitakuja kukugongea, hata nikisikia unalia.

Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nje, nimeshavaa sweta, injini imefungwa gunia miguuni pangu. Ni ya kubebwa na watu wawili. Ukishika upande mmoja ukaniangalia, nitashika mwingine tushuke. Na kama utamwita jirani aje aushike, nitainuka niwafungulie mlango mpite.

Mama yako,
Gaudensia